Jinsi ya Kujilinda na Wizi wa Utambulisho Ukiwa Mwanafunzi wa Chuo: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wizi wa utambulisho ni pale mtu mwingine anapotumia jina lako, namba zako na nyaraka zako kujifanya wewe, ili akope, afungue akaunti, asajili laini ya simu, achukue fedha zako au atende kosa ambalo baadaye utaitwa wewe kulijibu. Mwizi wa namna hii halazimiki kuvunja mlango wa mtu. Mara nyingi huokota vipande vidogo ulivyoviacha mwenyewe, tarehe ya kuzaliwa huku, namba ya usajili kule, picha ya kitambulisho katika simu ya mtu uliyemtumia mara moja ukasahau, kisha huviunganisha mpaka vikatosha kujibu maswali ambayo benki au kampuni ya simu humuuliza mteja wake.

Mwanafunzi wa chuo yuko katika hatari ya pekee, na sababu zake zinaeleweka. Katika wiki chache za udahili na usajili hukabidhi nakala nyingi za nyaraka zake kuliko atakavyokabidhi kwa miaka kadhaa ijayo, na huzikabidhi kwa haraka, akiwa mgeni asiyejua nani ni mtumishi wa chuo na nani si mtumishi. Huishi chumba kimoja na watu aliokutana nao juzi. Zaidi ya hayo, na hili naliona kuwa zito kuliko yote, jina lake bado ni safi na hakuna anayelichunguza. Kwa kuwa hajawahi kukopa, hana desturi ya kuuliza kama ana deni, hivyo mkopo uliochukuliwa kwa jina lake akiwa mwaka wa kwanza unaweza kumfikia baada ya kuhitimu, siku anapoomba kazi, nyumba ya kupanga au mkopo wake halisi wa kwanza.

Hatua zinazofuata zimepangwa kwa makusudi. Wengi wanaposikia habari za wizi huu hukimbilia kulinda akaunti ya benki. Mimi nakusihi uanze na barua pepe na laini ya simu, kwa sababu hizo mbili ndizo zinazofungua vitu vingine vyote, benki ikiwemo.

Hatua ya kwanza: Jua unacholinda na mahali kilipo

Tenga nusu saa, chukua karatasi na uichore safu mbili. Katika safu ya kwanza andika taarifa zako ambazo hazibadiliki: jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa, majina ya wazazi, alama za vidole. Katika safu ya pili andika zile zinazoweza kubadilishwa: nywila, namba za siri, kadi ya benki, laini ya simu, kadi ya chuo. Taarifa ya safu ya pili ikivuja, unaibadilisha siku hiyohiyo na mwizi anabaki na kitu kisichofanya kazi. Tarehe ya kuzaliwa ikivuja, imevuja maisha.

Kutokana na tofauti hiyo unapata kanuni ya kwanza, kwamba kamwe usiifanye taarifa ya safu ya kwanza kuwa siri ya safu ya pili. Namba ya siri ya tarakimu 4 ina uwezekano wa michanganyiko 10,000. Ukiweka siku na mwezi wako wa kuzaliwa, michanganyiko ambayo mwizi anapaswa kuijaribu inashuka hadi 366, na akiwa amewahi kuona kadi yako ya chuo au salamu za siku yako ya kuzaliwa, hajaribu zaidi ya mara moja. Ukiweka mwaka wa kuzaliwa hali ni ileile, kwa maana wanafunzi wa darasa moja wengi wao wamezaliwa ndani ya miaka michache. Vivyo hivyo, akaunti inapokuuliza swali la usalama kama jina la shule yako ya msingi, hulazimiki kujibu ukweli. Weka jibu la kubuni na ulihifadhi pamoja na nywila zako.

Ukimaliza safu hizo, andika chini yake ni nani aliye na nakala za nyaraka zako: ofisi ya udahili, mwenye nyumba, duka la kuchapisha, rafiki aliyekusaidia kujaza fomu. Nakala ambazo hazihitajiki tena, omba zifutwe au uzirudishiwe. Utaona aibu kidogo kumwomba rafiki afute picha ya cheti chako, lakini simu yake ikiibwa kesho ni jina lako litakaloondoka nayo.

Hatua ya pili: Imarisha barua pepe kabla ya kitu kingine chochote

Karibu kila akaunti uliyonayo ina kitufe cha "nimesahau nywila", na ukikibonyeza, kiungo cha kuweka nywila mpya hutumwa kwenye barua pepe yako. Maana yake ni kwamba anayeishika barua pepe yako hahitaji kuzijua nywila zako nyingine. Anaketi, anaomba mpya moja baada ya nyingine, na anafuta ujumbe kabla hujauona.

Anza na nywila. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo uliobadilisha mafundisho ya zamani: kwamba urefu wa nywila una maana zaidi kuliko kuilazimisha iwe na alama za ajabu, na kwamba hakuna sababu ya kuibadilisha kila baada ya miezi kadhaa isipokuwa kuna dalili kwamba imevuja. Njia nzuri ya kupata nywila ndefu inayokumbukika ni kuchukua kamusi, kuifungua ovyo mara tano bila kuchagua ukurasa, na kila mara kuchukua neno ambalo kidole kimeangukia. Utapata mfuatano kama kinu, bahasha, mkondo, saruji, tetesi, usio na uhusiano wowote na maisha yako, na hilo ndilo linalotakiwa. Huo ni mfano tu, usiuchukue wenyewe kwa kuwa umeshaandikwa hapa. Mstari wa wimbo unaoupenda, jina la timu yako au jina la mpenzi na mwaka mbele yake havifai hata vikiwa virefu.

Nywila ya barua pepe isitumike mahali pengine popote. Tovuti ndogo ya mchezo uliojiandikisha miaka minne iliyopita ikidukuliwa, wadukuzi huchukua orodha ya anwani na nywila zilizopatikana humo na kuzijaribu kwa kompyuta katika benki, mitandao ya kijamii na mifumo ya vyuo. Kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kukariri nywila hamsini tofauti, tumia programu ya kutunza nywila, ambayo huzibuni, huzihifadhi kwa kuzifunga, na kukutaka ukumbuke moja tu ya kuifungulia. Programu hiyo ina faida nyingine isiyosemwa sana: haitajaza nywila yako katika tovuti bandia, kwa sababu yenyewe hutazama anwani halisi, wala haidanganywi na nembo kama macho yetu.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai msimbo wa ziada baada ya nywila. Ikiwezekana tumia programu ya uthibitishaji, inayotoa msimbo wa tarakimu 6 unaobadilika kila baada ya sekunde 30 ndani ya simu yako bila kupitia mtandao wa simu, badala ya msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi. Msimbo wa ujumbe mfupi ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini huenda kwa yeyote anayeishika laini yako, jambo nitakalolieleza katika hatua inayofuata. Utakapowasha uthibitishaji huo utapewa pia misimbo ya akiba. Iandike kwenye karatasi na uihifadhi pamoja na vyeti vyako. Usiipige picha ukaiacha katika simu ileile, kwa kuwa siku utakapoihitaji ndiyo siku ambayo simu haipo.

Mwisho, ingia katika mipangilio ya akaunti na ukague mambo matatu ambayo wengi hawajawahi kuyafungua. Tazama namba na anwani ya urejeshaji, hasa kama akaunti ilifunguliwa kwa msaada wa mtu mwingine ulipokuwa bado mdogo, kwa maana huenda namba iliyomo mpaka leo ni ya mtu huyo. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia na uviondoe usivyovitambua. Tazama pia kama kuna agizo la kupeleka barua zako kwenye anwani nyingine, kwa kuwa mwizi aliyewahi kuingia mara moja hupenda kuacha agizo hilo, na litaendelea kumletea barua zako hata baada ya wewe kubadilisha nywila.

Neno moja kuhusu barua pepe uliyopewa na chuo. Itumie kwa mambo ya chuo. Vyuo vingi huzifunga anwani hizo muda fulani baada ya mwanafunzi kuhitimu, na ukiwa umeisajili benki yako au akaunti zako binafsi kwa anwani ambayo huwezi tena kuifungua, utajikuta unathibitisha wewe ni nani kwa njia ndefu na ya kuchosha.

Hatua ya tatu: Linda laini ya simu, kisha simu yenyewe

Kuna wizi ambao mwizi haigusi simu yako hata kidogo. Humwendea au humpigia mtoa huduma wa kampuni ya simu, akajitambulisha kwa jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa, akadai laini imepotea, akaomba ihamishiwe kwenye kadi mpya. Akifaulu, simu yako inakosa mtandao papo hapo, na kuanzia dakika hiyo misimbo yote ya benki na barua pepe inaingia kwake. Kwa hiyo ukiona simu yako haina mtandao ilhali wenzako wa kampuni hiyohiyo wanao, usisubiri hadi kesho. Azima simu, piga kwa kampuni, uulize kama laini imehamishwa. Kabla hayo hayajatokea, uliza kama kampuni yako inaruhusu kuweka namba ya siri au kizuizi ambacho bila hicho laini haihamishwi.

Aina ya pili ni ya kawaida zaidi: simu inaibwa, mwizi anachomoa kadi na kuiweka katika simu nyingine. Hata kama skrini yako ina kifungio imara, laini sasa inapokea ujumbe kwenye simu isiyo na kifungio chochote. Kinga yake ni PIN ya laini, ambayo wengi hawajawahi kuiwasha. Hupatikana katika mipangilio ya usalama ya simu. Kabla ya kuiwasha, tafuta PIN ya awali kutoka kampuni ya simu au katika kipande cha plastiki kilichobeba kadi, kwa kuwa ukikosea mara tatu laini itajifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu 8, na ukikosea PUK mara kumi kadi hiyo imekufa na utalazimika kupata nyingine. Ukishaiwasha, badilisha ile PIN ya awali mara moja. Tangu hapo, kadi ikihamishiwa simu nyingine haitafanya kazi bila PIN hiyo.

Kwa simu yenyewe, weka kifungio cha tarakimu 6 au nywila badala ya mchoro, kwa sababu mchoro huonekana kwa mbali na alama ya kidole chenye mafuta hubaki juu ya kioo. Zuia maudhui ya ujumbe yasionekane wakati skrini imefungwa, la sivyo msimbo wa benki utasomeka na kila aliye karibu bila kuifungua simu. Washa huduma ya kuitafuta na kuifuta simu kwa mbali, na uijaribu mara moja ukiwa na simu mkononi ili ujue inavyofanya kazi. Bonyeza *#06#, andika namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ya tarakimu 15 itakayotokea, na uiweke pamoja na ile misimbo ya akiba, kwa kuwa utaulizwa namba hiyo unapotoa taarifa ya wizi.

Na tafadhali, usimsajilie mtu mwingine laini kwa kitambulisho chako, wala usimwazime mtu akaunti yako ya benki apitishie fedha zake, hata akikuahidi asilimia fulani. Ombi hili huwafikia wanafunzi kwa sura ya upole sana: rafiki wa rafiki aliyepoteza kitambulisho, au mfanyabiashara ambaye akaunti yake "imejaa". Laini au akaunti hiyo ikitumika kutapeli, anayejulikana kwa jina ni wewe, na kueleza kwamba hukujua huchukua muda ambao ulipaswa kuutumia kusoma.

Hatua ya nne: Toa nyaraka kwa kipimo

Kila unapoombwa nakala ya kitambulisho, cheti au taarifa ya benki, uliza kwa heshima maswali haya: inahitajika kwa kazi gani, nani ataitunza, itakaa muda gani, na kama inatosha kuiona bila kuchukua nakala. Ofisi halali haiudhiki na maswali hayo. Ukiona anayeomba nakala anakuwa mkali au anakuharakisha, hiyo yenyewe ni habari.

Ukikubali kutoa nakala, itie alama. Chukua kalamu ya wino na uandike kwa mshazari juu ya nakala, bila kufunika jina wala picha, maneno kama haya: "Nakala kwa maombi ya hosteli ya chuo pekee," kisha tarehe na sahihi yako. Nakala yenye maandishi hayo inamtosha msimamizi wa hosteli, lakini mtu akiipeleka mahali pengine kuombea mkopo, afisa wa mikopo anasoma kwamba haikutolewa kwa kazi hiyo. Kama unatuma kwa simu, andika maneno hayohayo juu ya picha kwa zana ya kuchorea kabla ya kuituma. Inachukua chini ya dakika moja, na sijui kinga nyingine ya bei ndogo kiasi hiki.

Mahali pa kuchapishia panahitaji uangalifu wake. Mwanafunzi anapotuma cheti chake kwenye simu au barua pepe ya duka ili kichapishwe, faili hubaki humo pamoja na mafaili ya wateja wengine wote, na kompyuta hiyo hutumiwa na kila ajaye. Beba faili katika kifaa chako mwenyewe, simama karibu wakati linachapishwa, hakikisha limefutwa kwenye kompyuta na pia kwenye pipa la taka la kompyuta hiyo, na uondoke na karatasi zote, pamoja na ile iliyotoka vibaya. Kwenye maabara ya kompyuta ya chuo kanuni ni hiyohiyo: tumia dirisha la faragha la kivinjari, kataa kivinjari kisihifadhi nywila, toka katika akaunti kabla hujainuka, na usiache kitu katika folda ya mafaili yaliyopakuliwa. Ukisahau kutoka, ile orodha ya vifaa katika mipangilio ya barua pepe inakuwezesha kuifunga akaunti ukiwa mbali.

Kuna karatasi moja inayozunguka kila siku bila mtu kuiangalia mara mbili, nayo ni karatasi ya mahudhurio. Mara nyingi ina jina kamili, namba ya usajili, namba ya simu na sahihi ya kila mwanafunzi, yote katika mstari mmoja, na mtu wa mwisho kuipokea anaweza kuipiga picha yote. Vivyo hivyo kwa orodha ambazo viongozi wa darasa huzituma katika kundi la WhatsApp. Kama wewe ni kiongozi wa darasa, kusanya kile tu kinachohitajika, na orodha yenye namba za vitambulisho itume kwa ofisi husika, si kwa kundi la watu mia mbili.

Hatua ya tano: Usome ujumbe kabla ya kuutii

Ujumbe wa hadaa unaolenga wanafunzi huandikwa kwa lugha ya chuo na hufika wakati unaofaa, yaani msimu wa ada, wa matokeo au wa mikopo. Tazama mfano huu niliouandika kwa kufuata mtindo wao:

"Ndugu mwanafunzi, akaunti yako ya matokeo itafungwa baada ya saa 24 kutokana na uhakiki. Ingia hapa sasa ili usipoteze alama zako: chuochetu.ac.uhakiki-akaunti.com/ingia"

Haukutaji kwa jina, umekupa muda mfupi, umekutisha kwa kitu unachokithamini, na umekupa mlango wa kupitia. Mlango huo ndio wa kuuchunguza. Katika anwani, tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi nyuma kuelekea kushoto. Sehemu mbili za mwisho kabla ya mkwaju ndizo zinazomtaja mwenye tovuti, na hapa ni uhakiki-akaunti.com. Maneno ya chuochetu.ac yaliyotangulia ni mapambo ambayo mwenye tovuti anaweza kuyaandika apendavyo. Katika nchi ambazo anwani za vyuo huishia na vipande viwili, kama ac.uk, soma vipande vitatu. Hata hivyo, ushauri salama kuliko wote ni kutobonyeza kabisa: fungua kivinjari, andika anwani ya chuo unayoijua, na kama kuna tatizo utalikuta huko.

Simu za sauti hufuata njia hiyohiyo. Anayekupigia anaweza kulijua jina lako, kozi yako na mwaka wako wa masomo, na bado akawa tapeli, kwa kuwa taarifa hizo zimo katika ile orodha ya darasa. Anachokosa ni msimbo uliotumwa kwenye simu yako wakati huo. Hakuna mtumishi wa benki, wa chuo wala wa kampuni ya simu anayehitaji umsomee msimbo huo. Ukiombwa, kata simu, kisha upige mwenyewe kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako au katika tovuti rasmi.

Kwa matangazo ya kazi za muda na ufadhili wa masomo, jihadhari na mwajiri anayetaka picha ya kitambulisho mbele na nyuma, pamoja na picha yako ukiwa umekishika, kabla hata ya usaili. Seti hiyo ya picha ndiyo ambayo huduma nyingi za fedha mtandaoni huitaka kumfungulia mtu akaunti. Mwajiri wa kweli huzihitaji nyaraka zako baada ya kukubaliana, tena kwa mkataba unaomtaja.

Hatua ya sita: Chumba cha pamoja na kurasa za kijamii

Si jambo la kupendeza kuandika kwamba mtu unayelala naye chumba kimoja anaweza kukuibia utambulisho, na wengi wao hawatakuibia. Hata hivyo wageni wa wenzako huingia na kutoka, na milango ya hosteli huachwa wazi. Weka vyeti halisi katika kasha au begi lenye kufuli, usitembee na kitambulisho cha taifa siku ambazo hukihitaji, chana barua zenye namba za akaunti kabla ya kuzitupa, na ufunge kompyuta mpakato yako hata unapokwenda bafuni. Kumbuka kwamba simu inayofunguka kwa alama ya kidole inaweza kufunguliwa na kidole cha mtu aliyelala, hivyo programu ya benki iwe na namba yake ya siri isiyofanana na ya simu.

Kwenye mitandao ya kijamii ficha mwaka wa kuzaliwa, na usiweke picha ya kadi mpya ya chuo, barua ya udahili au cheti cha kuhitimu ambacho namba yake inasomeka. Michezo inayokuuliza jina la mwalimu wako wa kwanza au mtaa uliokulia inauliza maswali yaleyale ya usalama.

Hatua ya saba: Chunguza jina lako mara kwa mara

Unaweza kufanya yote yaliyotangulia na bado taarifa zako zikavuja kutoka kwa mtu mwingine. Mwaka 2017 kampuni ya taarifa za mikopo ya Equifax nchini Marekani ilidukuliwa, na taarifa za watu takribani milioni 147 zikachukuliwa. Mwaka 2023 udhaifu katika programu ya kuhamishia mafaili iitwayo MOVEit uliwawezesha wadukuzi kuifikia National Student Clearinghouse, shirika linalotunza kumbukumbu za wanafunzi wa Marekani, na shule na vyuo takribani 890 viliguswa. Wanafunzi hao hawakubonyeza kiungo chochote kibaya.

Kwa sababu hiyo, jiwekee siku moja ya kila mwezi. Siku hiyo pitia taarifa ya benki na ya huduma ya fedha kwa simu mstari kwa mstari, ukitafuta hata viwango vidogo sana, kwani wezi hujaribu kwanza kwa kiasi ambacho hutakishtukia. Washa ujumbe wa kukuarifu kila muamala unapofanyika. Ingiza anwani yako katika tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na mtaalamu wa usalama Troy Hunt, ambayo hukuonyesha kama anwani hiyo imo katika mivujo inayojulikana, kisha ubadilishe nywila za akaunti zilizotajwa.

Angalau mara moja kwa mwaka, uliza pia ripoti yako ya mikopo, yaani kumbukumbu ya madeni yaliyo kwa jina lako, kama nchi unayoishi ina taasisi zinazoitunza, na uiulize hata kama hujawahi kukopa, kwa maana kwa mtu asiyewahi kukopa ripoti yenye kitu chochote ndani yake ni dalili. Nchini Marekani sheria inaruhusu tangu Septemba 2018 kuzuia bila malipo ripoti hiyo isifunguliwe na mkopeshaji mpya, katika kampuni za Equifax, Experian na TransUnion, kila moja kwa maombi yake. Mwanafunzi wa huko asiye na mpango wa kukopa karibuni sioni sababu ya kutofanya hivyo leo. Kizuizi huondolewa kwa muda siku atakapohitaji mkopo.

Dalili nyingine za kufuatilia ni barua ya deni usilolijua, msimbo wa kuingia ambao hukuuomba, mkopo wa masomo unaoonyesha kwamba umeshalipwa kwenye akaunti usiyoitambua, au barua zako za kawaida kuacha kufika ghafla.

Hatua ya nane: Ikiwa umeshaibiwa

Usione haya na usikae kimya. Wengi huchelewa kwa sababu wanaogopa kuambiwa walizembea, na saa hizo za ukimya ndizo mwizi anazozihitaji.

Katika saa ya kwanza, ukitumia kifaa ambacho una hakika nacho, badilisha nywila ya barua pepe, fukuza vifaa vingine vyote, na kagua lile agizo la kupeleka barua kwingine. Kisha piga simu benki na kwenye huduma ya fedha kwa simu, uombe akaunti izuiwe, na uombe namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Halafu kampuni ya simu, wafunge laini na kuirejesha kwako. Mpangilio huu unaweza kubadilika pale simu inapokuwa imeibwa nawe unajua kwamba misimbo ya benki inaingia humo. Hapo anza kwa kufunga laini, kwa kuazima simu ya mtu wa kwanza aliye karibu.

Siku hiyohiyo au kesho yake, toa taarifa polisi na uondoke na nakala au namba ya taarifa, kwa kuwa taasisi nyingi hazitaanza kuchunguza bila hiyo. Nchini Marekani anza katika tovuti ya IdentityTheft.gov ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, inayokuandalia taarifa na hatua za kufuata. Kiarifu chuo kwa maandishi, hususan ofisi ya usajili, kitengo cha kompyuta na ofisi ya mikopo, ili mtu asibadilishe akaunti yako ya kupokelea fedha wala kuomba nakala ya matokeo yako. Waarifu pia ndugu na marafiki kwa njia nyingine, kwa sababu mwizi mwenye akaunti yako huanza kuwaomba fedha kwa sauti yako.

Wiki zinazofuata ni za barua. Kwa kila mkopeshaji aliyefungua deni kwa jina lako, andika kwamba hukulifungua, ambatisha taarifa ya polisi, omba nakala ya fomu ya maombi na kitambulisho kilichotumika, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba deni limefutwa na taarifa yake imeondolewa katika ripoti ya mikopo. Usilipe hata sehemu ndogo ya deni hilo ili "wakuache," kwa maana malipo hayo yanaweza kuchukuliwa kuwa umelikubali.

Weka faili moja lenye kila kitu: tarehe na saa ya kila simu, jina au namba ya mhudumu uliyezungumza naye, alichoahidi, picha za skrini, barua ulizotuma na ulizopokea. Litunze hata baada ya kuhitimu. Deni lililofutwa katika ofisi moja huweza kubaki katika orodha ya mkusanya madeni mwingine, na atakapokupigia miaka miwili baadaye ukiwa kazini, utamtumia nakala ya barua ya kufutiwa deni siku hiyohiyo.